Mafunzo ya Maandalizi ya Dharura Mipakani: Siku Tano Upper Hill, na Siku Moja Iliyostahili Ada Yote

Kwa miaka sita nimefanya kazi katika ofisi moja hapa Nairobi inayoratibu mipango ya dharura ya vituo vya mpakani, na ndiyo sababu nilipopata tangazo la mafunzo ya siku tano kuhusu usimamizi wa maandalizi ya dharura katika vyombo vya ulinzi wa mipaka, niliomba nafasi siku hiyohiyo. Mafunzo yalifanyika katika hoteli moja ya Upper Hill, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwa ada ya shilingi 78,000 kwa mshiriki, bila malazi. Tulikuwa watu 22: maafisa wa uhamiaji, wa forodha, polisi wa mipaka, maafisa wa afya wa vituo vya kuingilia nchini, na wawili kutoka idara ya zimamoto ya kaunti moja ya mpakani. Shirika lililoyaandaa silitaji, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimekwisha kuwaandikia wenyewe, na kwa kuwa mafunzo yenye muhtasari unaokaribiana na huu yanatolewa na watu kadhaa jijini. Nia yangu ni kumsaidia afisa anayefikiria kuomba fedha za ofisi yake, au kutoa zake mwenyewe, ajue anakwenda kununua nini.

Niseme mapema kwamba siku ya tatu peke yake ilistahili ada yote, siku ya nne ilikuwa nzuri, na siku ya tano ilinisikitisha.

Siku ya kwanza ilikuwa ya misingi: mzunguko wa kuzuia, kujiandaa, kukabili na kurejesha hali, pamoja na namna ya kuorodhesha hatari zinazokikabili kituo kwa kupima uwezekano wa kila moja na ukubwa wa madhara yake. Aliyewahi kuandika mpango wa dharura hatapata mengi mapya hapo. Zoezi moja tu lilinigusa. Kila mshiriki aliombwa achore kituo anachokifahamu zaidi, bila kutazama ramani, aonyeshe bomba la maji ya zimamoto, swichi kuu ya umeme, milango yote, na mahali gari kubwa linapoweza kugeuka. Afisa wa forodha aliyefanya kazi Taveta kwa muda mrefu alichora kila kitu hadi mti wanaoegeshea pikipiki za bodaboda, ilhali sisi wa makao makuu, ambao ndio tunaoandika mipango, tulichora majengo na kuacha maji.

Siku ya pili ilihusu mfumo wa uongozi wa matukio, ambao ulibuniwa California baada ya mioto mikubwa ya misitu ya mwaka 1970, ambapo vikosi vilivyotoka sehemu mbalimbali vilishindwa kusikilizana kwa kuwa kila kimoja kilikuwa na istilahi zake, redio zake na mkubwa wake. Mfumo huo unagawa kazi katika mafungu matano, yaani uongozi, utekelezaji, upangaji, ugavi na fedha, na unapendekeza kwamba msimamizi mmoja asiwe na watu chini ya watatu wala zaidi ya saba wanaoripoti kwake moja kwa moja, watano wakiwa ndio idadi inayofaa zaidi. Mkufunzi, mwanamke mtulivu wa Mombasa ambaye ameifanya kazi hii bandarini, hakuishia California. Alituleta nyumbani: Agosti 7, 1998, bomu lilipoua watu zaidi ya 200 katikati ya jiji na raia wakaanza kufukua vifusi kwa mikono kabla ya kuwapo mtu wa kuwapanga, kisha Septemba 2013 pale katika jumba la maduka la Westgate, ambako watu 67 waliuawa na ambako polisi na jeshi waliingia jengo moja pasipo amri moja. Alifunga somo kwa methali ya Pwani kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wote tulikubaliana naye. Kesho yake mambo yalionekana tofauti.

Hapa kuna jambo ambalo kitabu cha mafunzo kingepaswa kulisema na hakikulisema. Sehemu kubwa ya kitabu hicho imetoka katika miongozo ya Marekani, ambako tangu Machi 2003 kazi za forodha, ukaguzi wa uhamiaji na doria ya mipaka zimekusanywa katika chombo kimoja, kwa hiyo mwongozo unaposema "mkuu wa kituo ataamuru", kwao sentensi hiyo ina mtu ndani yake. Kwetu, katika kituo kimoja utamkuta afisa wa uhamiaji, wa mamlaka ya mapato, wa viwango vya bidhaa, wa afya ya mimea, wa afya ya binadamu na polisi, kila mmoja akiwa na mkubwa wake Nairobi. Sheria ya marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka 2014 iliunda kamati ya kuratibu udhibiti na operesheni za mipaka kwa sababu hiyohiyo, na kamati hiyo haimo katika kitabu; ilitajwa tu pale mshiriki mmoja alipoinua mkono na kuuliza. Mkufunzi alijibu vizuri, kwa saa nzima, nje ya kitabu. Jibu hilo lilipaswa kuwa sura ya kwanza.

Siku ya tatu tulifanya zoezi la mezani. Kwa wasiolifahamu, miongozo ya Marekani inataja aina saba za mazoezi, kuanzia semina na warsha, ambazo ni mazungumzo, hadi zoezi kamili ambalo magari hutoka na majeruhi wa kuigiza hubebwa. Zoezi la mezani liko kati: watu wanakaa, wanasomewa tukio, na wanaeleza watakachofanya kwa mujibu wa mpango walio nao. Ni rahisi kulifanya vibaya, kwa sababu mtu akiwa kitini kila kitu kinawezekana. Mkufunzi alilifanya vizuri kuliko yeyote niliyewahi kumwona.

Tuligawanywa meza nne: maafisa wa Kenya kituoni, maafisa wa Uganda kituoni, makao makuu Nairobi, na kaunti pamoja na hospitali yake. Tukio lilikuwa hili. Saa nane usiku, lori la mafuta lililopakia Eldoret na linaloelekea Kampala limegongwa kwa nyuma ndani ya kituo cha pamoja kinachofanana na kile cha Busia, na mafuta yanatiririka kwenye mfereji kuelekea kwenye vibanda. Wanaofahamu vituo vya pamoja wataona ugumu papo hapo. Msafiri au lori linalotoka Kenya halisimami upande wa Kenya, bali linasimama mara moja tu upande wa nchi linakoingia, na huko ndiko maafisa wa nchi zote mbili wanakokaa dirisha kwa dirisha, kwa mujibu wa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Kwa hiyo lori letu lilikuwa linavuja katika ardhi ya Uganda, mbele ya maafisa wa Kenya, wenye mihuri, kompyuta na redio za Kenya.

Kila baada ya dakika tano mkufunzi alituletea kikaratasi chenye taarifa mpya. Umeme umekatika. Upepo umegeuka. Watu wametokea na mitungi na ndoo. Kikaratasi hicho cha tatu kilipofika, chumba kilinyamaza, kwa kuwa hakuna afisa wa Kenya asiyekumbuka Sachangwan, Januari 31, 2009, ambako lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, na moto ukaua zaidi ya mia moja.

Dakika ishirini zilipopita, alisimamisha zoezi na kukusanya karatasi za meza zote. Kisha, bila kutoa neno la lawama, aliandika ubaoni sentensi zetu wenyewe, moja chini ya nyingine: taarifa itatolewa kwa zimamoto, umma utahamishwa, eneo litazungushiwa utepe, nchi jirani itajulishwa, chanzo cha moto kitadhibitiwa. Akageuka na kuuliza maneno mawili.

"Na nani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Meza nne, watu 22, dakika ishirini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepiga simu ya zimamoto, kwa kuwa kila meza iliamini kwamba simu hiyo itapigwa. Afisa mmoja wa polisi wa mipaka, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alisimama akasema, "Madam, jana tuliambiwa manahodha wengi huzamisha chombo. Mimi naona hapa hatukuwa na nahodha hata mmoja. Kila mtu amemwachia mwenzake usukani." Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Tumezoea kudhani kwamba ugonjwa wa vituo vyetu ni kugombea mamlaka, na kweli mchana, wakati wa mizigo na ushuru, tunagombea. Lakini saa nane usiku, moto unapowaka na uamuzi wowote unaweza kumpeleka mtu mbele ya tume ya uchunguzi, kinachotuua ni kuachiana. Kauli ya kutendwa imekuwa maficho yetu. Mtu anaweza kuandika kurasa sitini za mpango kwa kauli hiyo, mpango ukapitishwa, ukapigwa muhuri, na ndani yake asiwemo binadamu yeyote anayefanya kitu.

Saa zilizobaki tuliandika upya kurasa nne tu. Kila kitenzi kilipewa mwenyewe, kwa cheo na si kwa jina la mtu, kwa kuwa watu huhamishwa; kila cheo kilipewa naibu, kwa kuwa watu huenda likizo; na kila simu iliandikiwa namba na njia ya pili ikiwa mtandao haupo. Tulikubaliana kwamba katika kituo cha pamoja, afisa wa zamu wa nchi mwenyeji ndiye anayeongoza tukio, lakini afisa yeyote wa nchi yoyote anayeona moto kwanza ana wajibu wa kupiga simu ya kwanza bila kuomba ruhusa. Tulibishana sana kuhusu neno "yeyote", hasa wenzetu wa meza ya makao makuu, na mwishowe likabaki.

Lugha nayo ilijitokeza hapo. Rasmi, zoezi lilikuwa kwa Kiingereza, na kadi zote, fomu zote na kitabu chote viko hivyo. Lakini kila hali ilipokaza, kila meza ilihamia Kiswahili bila mtu kuagiza, na mkufunzi mwenyewe alipotaka kutufikia aliandika ubaoni kwa Kiswahili. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na usiku pale Namanga au Lunga Lunga ndiyo lugha ambayo askari wa Kenya na mwenzake wa Tanzania watasikizana kwayo kwenye redio. Fomu ya taarifa ya tukio ambayo afisa wa zamu anapaswa kuitafsiri kichwani kabla ya kusema ni fomu inayomla dakika. Nililiandika hili katika tathmini yangu kwa shirika, nikapendekeza kadi za mfukoni kwa Kiswahili, zenye maneno yaliyokubaliwa na pande zote mbili za mpaka, kwa kuwa hata sisi kwa sisi tulipoteza muda tukiulizana kama tuseme gari la wagonjwa au ambulensi.

Kasoro kubwa zaidi ya mafunzo haya, kwangu, ni jinsi yanavyowaona watu wanaoishi kwa mpaka. Katika kitabu wanaitwa umati, na kazi ya afisa ni kuuzuia. Mtu yeyote aliyesimama Busia au Malaba asubuhi anajua kwamba kuna wanawake wanaovuka na nafaka na mayai kila siku, wasukuma mikokoteni, wabadilisha fedha, vijana wa bodaboda, na madereva wa masafa marefu wanaolala chini ya magari yao, na kwamba watu hao wanajua njia zote, pamoja na zile za panya, kuliko afisa aliyehamishiwa pale mwezi uliopita. Ndio watakaoona mafuta yakimwagika kabla yetu, na ndio watakaobeba majeruhi kabla ya gari la wagonjwa kufika. Viongozi wa vyama vyao wangealikwa wawili tu, mmoja wa madereva na mmoja wa kina mama wafanyabiashara, meza ya tano ingekuwapo na zoezi lingekuwa la kweli zaidi. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba mafunzo ni ya vyombo vya usalama. Sikuridhika na jibu hilo, na siridhiki nalo hadi sasa.

Siku ya nne ilishughulikia mwendelezo wa shughuli, yaani namna chombo kinavyoendelea kufanya kazi zake za lazima wakati jengo, umeme, mfumo wa kompyuta au watu wake hawapo. Mfano mkuu ulikuwa wa hapa hapa: moto wa Agosti 7, 2013 uliounguza ukumbi wa abiria wanaowasili wa kimataifa katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, ambapo baada ya muda mfupi abiria walikuwa wakihudumiwa katika mahema. Tuliulizwa ni kazi zipi ambazo afisa wa uhamiaji lazima azifanye hata akiwa chini ya hema bila mtandao, zipi zinaweza kungoja kwa muda wa saa kumi na mbili, na zipi zinaweza kungoja wiki. Swali linaonekana jepesi mpaka idara mbili zijaribu kulijibu pamoja. Afisa wa afya alitukumbusha kwamba Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinazitaka nchi ziwe na mpango wa dharura za afya katika vituo vya kuingilia vilivyoteuliwa, na akasimulia Mei 2020, wakati mpaka wa Tanzania na wa Somalia ulipofungwa kwa watu na kuachiwa mizigo peke yake, madereva wakipimwa korona na misururu ya malori Malaba ikifika makumi ya kilomita. Alisema jambo ambalo halikuwa katika slaidi yoyote, kwamba foleni yenyewe iligeuka kuwa dharura ya pili: maelfu ya watu barabarani bila vyoo, bila maji na bila chakula cha uhakika, wakingoja majibu ya maabara. Mpango unaofunga lango bila kufikiria foleni umehamisha hatari kutoka dirishani na kuipeleka barabarani.

Kuhusu siku ya tano sina mengi. Ilikuwa ya bajeti, ufuatiliaji na ripoti za baada ya mazoezi, mambo ambayo ndiyo moyo wa kazi ya kusimamia programu, kwa maana kuandika mpango ni kazi ya miezi miwili na kuulinda usife ni kazi ya miaka. Mkufunzi wa siku hiyo, ambaye hakuwa yule wa Mombasa, alisoma slaidi hadi adhuhuri, na katika slaidi zake tulisoma kwamba fedha zitatafutwa, mapendekezo yatatekelezwa na mazoezi yatafanywa kila mwaka. Baada ya siku ya tatu, sikuweza kusoma sentensi hizo bila kuuliza ni nani. Hatukuonyeshwa hata ripoti moja halisi yenye jedwali la kasoro, mwenye kuirekebisha na tarehe ya mwisho. Cheti kilitolewa saa nane mchana, na wengi wakaondoka.

Huduma nyingine zilikuwa za kuridhisha. Chumba kilikuwa na hewa, chakula kilifika kwa wakati, kabrasha lilikuwa na nakala ya kila fomu, na maswali yangu ya barua pepe baada ya mafunzo yalijibiwa ndani ya siku tatu. Kwa mshiriki kutoka Moyale au Isebania, hata hivyo, gharama ya kweli ni kubwa kuliko ada, kwa sababu nauli na usiku tano za Nairobi hazimo, na nadhani shirika lingefanya wema kupeleka siku ya tatu na ya nne mpakani kwenyewe, mahali ambapo bomba la maji linaweza kuguswa.

Ningemshauri nani aende? Afisa mwenye mpango ambao tayari umepitishwa, aende nao mkononi, ndani ya kabrasha, na asikubali kukaa katika meza ya makao makuu kama anatoka makao makuu; akae meza ya kituo. Anayeanza kabisa angoje kidogo, aombe kwanza mwezi mmoja wa zamu za usiku katika kituo chochote, kisha aje. Na ofisi inayoweza kulipia watu wawili imtume mmoja wa Nairobi na mmoja wa mpakani, wakae pamoja.

Jumatatu niliporudi kazini nilifungua mpango wa kituo kimoja tunachokiratibu, ambacho nacho sitakitaja, nikapigia mstari kila sentensi isiyo na mtendaji. Zilikuwa 41. Usiku wa siku hiyo, saa nne, nilikaa mezani nyumbani na kupiga namba zote 19 zilizomo katika kiambatisho chake cha mawasiliano. Saba zilijibiwa. Moja ilikuwa ya mama mmoja wa Kitale, ambaye aliniambia kwa upole kwamba laini hiyo ni yake kwa mwaka wa tatu sasa, na kwamba watu wa serikali humpigia mara kwa mara. Nilimwomba radhi, na asubuhi nikaanza kuuandika upya mpango huo.